Hodi ya Tatu

Jioni hiyo nilitumwa kukagua choo.

Ndiyo, choo. Usicheke. Mama alikuwa na sheria yake kwenye kutafuta nyumba: sebule inaweza kukudanganya, choo hakijui uongo. "Wewe tangulia," akaniambia kwenye simu. "Vuta maji, sikiliza yanarudi vipi. Halafu angalia kona za dari. Mimi nikitoka zamu nitakukuta hapo hapo."

Nikafunga kibanda changu cha kutengeneza simu mapema, nikaenda. Mimi shule niliiacha njiani. Nilikimbia hesabu, nazo hesabu hazikunifuata. Lakini nyumba naijua. Tulikuwa tumezunguka nyumba mpaka soli za viatu zimeisha.

Ngoja niwaambie kwa nini.

Mama yangu anafanya kazi, alikuwa anafanya kazi, kwenye dobi la hospitali. Mashuka yote ya wodini, yenye damu, yenye dawa, yenye machozi ya watu, yanapita mikononi mwake. Na sisi tulipanga mbali, kule mwisho kabisa wa mji, ambako hata mbwa wanabweka kwa uvivu. Mama anatoka giza. Anarudi giza. Siku ya mapumziko analala kama gogo mpaka giza lingine. Siku moja tunakula, akainua uso akaniuliza:

"Ukuta wetu huu una rangi gani?"

Nikadhani utani. "Mama, si kijani."

"Kijani..." Akautazama chini ya taa ile dhaifu. "Mimi miaka yote najua ni kijivu."

Hakucheka. Akaweka kijiko chini. "Nataka nyumba ya karibu na kazi. Nitoke zamu, nifike kwangu jua lipo. Nikae tu, niangalie ukuta wangu. Basi. Sitaki kingine duniani."

Hela ilikuwepo. Ilikuwa hela ya baba. Baba alikuwa anapiga msasa na vanishi kwenye karakana ya samani, upande wa pili wa mji. Alikuwa anaenda na kurudi kwa baiskeli. Jioni moja lori likamkuta njiani, akiwa anarudi. Mimi nilikuwa mdogo sana. Malipo ya fidia yake yalizungushwa miaka na miaka, na yalipotoka mama akasema neno moja tu: "Hii ni hela ya mtu aliyefia njiani akirudi kwake. Haiwezi kununua nyumba ya mbali."

Dalali wetu tulikuwa tunamwita Haraka, kwa sababu hata kikombe cha chai anakunywa amesimama. Nyumba ya kwanza alitupeleka mbali kuliko tulikokuwa tunakaa.

"Haraka," nikamwambia, "hapa tunahama au tunakimbia nchi?"

"Dada yangu, barabara inakuja."

"Inakuja kutoka wapi? Imepotea?"

Ya pili ilikuwa jirani na kazi, lakini ukutani kulikuwa na mstari wa maji, usawa wa kifua changu.

"Hayo ni mapambo," Haraka akasema.

"Mapambo gani yana chura ndani?"

Mama alicheka siku ile. Nakumbuka vizuri, maana ilikuwa mara ya mwisho tunacheka sote kwa pamoja.

Ya tatu ndiyo hii.

Mtaa wa nyuma ya hospitali. Nyumba ndogo, bati jekundu, mlango wa mbao nzito. Ukisimama barazani unasikia king'ora cha dobi kama kiko chumbani kwako. Bei yake ilikuwa nzuri mno. Nzuri ya kutia shaka. Haraka akanipa ufunguo getini. Hakuvuka geti.

"Mwenyewe yuko uani huko nyuma. Ingia ukague. Mimi nina mteja mwingine."

"Mbona huingii? Unaogopa nini?"

"Naogopa njaa, dada."

Akatazama jua. Lilikuwa limeanza kushuka nyuma ya matangi ya maji ya hospitali. Akapunguza sauti.

"Fanya chapuchapu. Ukimaliza, toka."

Akaondoka bila kuongeza utani. Haraka bila utani ni kama redio bila betri. Ningepaswa kushtuka pale pale. Sikushtuka.

Ndani kulikuwa safi. Sakafu ya saruji imefutwa mpaka inang'aa. Hakuna samani, isipokuwa kiti kimoja cha mbao sebuleni. Kiti kinatazama mlango wa mbele. Siyo dirisha, wala ukuta. Mlango.

Nikaenda chooni. Nikavuta maji. Yakarudi vizuri, kwa nguvu, bila kukoroma. Nikapanda juu ya ndoo nichungulie kona za dari.

King'ora cha dobi kikalia. Nikajua mama ametoka zamu.

Halafu nikasikia baiskeli.

Tik... tik... tik... Ule mlio wa gurudumu la nyuma likizunguka bila kukanyagwa. Ikasimama. Ikaegeshwa ukutani, usukani ukakwaruza plasta. Mtu akakohoa. Kikohozi kikavu, mara mbili, cha mtu aliyemeza vumbi mchana kutwa.

"Hodi."

Nikadhani ni Haraka karudi, au jirani kaja kuchungulia wageni. Na mdomo nao... unajua mdomo wa mtu aliyelelewa. Toka ukiwa unatambaa, mtu akisema hodi, wewe unasema nini? Hufikiri. Huulizi. Neno linatoka tu lenyewe kama chafya.

"Karibu!" nikaitikia, kichwa changu kikiwa darini.

Kitasa kikazungushwa.

Mlango ukafunguka taratibu. Hatua. Moja nzito, moja nyepesi, kama za mtu mwenye mguu unaomuuma. Zikaja mpaka sebuleni. Kiti kikalia, krii, kama kinavyolia mtu akijitupa amechoka.

Halafu ikaja harufu.

Vanishi. Vanishi mbichi, kali, ya kuwasha pua. Na nyumba ikapoa. Siyo baridi ya upepo. Baridi ya chumba ambacho hakijawahi kuwa na mtu.

Nikashuka kwenye ndoo. 

Sebuleni hakukuwa na mtu.

Mlango ulikuwa wazi. Nikagusa kiti. Vidole vyangu vikarudi na unga wa mbao, laini, wa njano. Ule wa msasa.

"Umeitikia?"

Nikaruka. Kwenye mlango wa nyuma amesimama bibi kizee. Mgongo umepinda, nywele nyeupe pe, mikono imekauka kama vijiti.

"Shikamoo, bibi."

Hakupokea shikamoo yangu. "Nimekuuliza, umeitikia wewe mtoto?"

"Mtu kabisha hodi, nikasema karibu. Kwani..."

Akakaa chini pale pale, kama mtu aliyekatwa kamba.

"Umemwona?"

"Sijaona mtu."

"Afadhali." Akanyoosha mkono, akagusa nywele zangu za mbele. "Basi amekuchukulia kidogo tu."

Nikatoa simu, nikajitazama kwenye kioo chake. Kishada kimoja cha nywele, juu kidogo ya paji la uso, kilikuwa cheupe. Asubuhi nilichana kichwa hiki hiki. Weupe huo haukuwepo.

Nilitaka kukimbia. Mama akafika.

Aliingia akiwa ameshika ndala mkononi, anahema kwa furaha kama msichana. "Nimetembea tu! Nimetembea tu kwa miguu, na jua hilo hapo, unaliona?" Akapita moja kwa moja mpaka ukutani. Ukuta ulikuwa wa rangi ya maziwa, na jua la jioni lilikuwa limeupaka dhahabu. Mama akaweka kiganja. Akakiacha pale.

Halafu akageuka akamwona bibi. Akapinda goti kidogo kwa heshima.

"Shikam..."

Akasita. Akamsogelea. Akainama kumtazama usoni.

"Mama Pasi?"

Bibi akaficha uso kwa kanga.

"Mama Pasi ni wewe? Mdogo wangu?"

Nikadhani mama kachanganyikiwa. Yule kizee angeweza kumzaa mama. Lakini mama alikuwa ameshapiga magoti, amemshika mikono, na machozi yanamtoka. Walifanya kazi pamoja dobini, mama akiosha, mwenzake akisimamia mashine ya kunyoosha mashuka. Ndiyo maana wakamwita Mama Pasi. Mdogo kwa mama kwa umri, mzuri, mcheshi, kiuno cha nyigu. Aliacha kazi ghafla miaka michache nyuma, watu wakasema kaolewa mbali.

"Umefanywa nini?" mama akauliza.

Akatuambia kwa kunong'ona, huku anatazama mlango.

Mumewe alikuwa mlinzi. Alitoka kazini hakufika. Wakamkuta siku ya pili kwenye mtaro. Mama Pasi hakuweza kukubali. Akili ilikataa, mwili ulikataa, kitanda kilikataa. Akaenda kwa mtu. Mtu gani, wapi, hakusema. Huyo mtu akampa kitu akizike chini ya kizingiti.

"Akaniambia, mumeo atarudi kwake kila jioni. Nami nikafurahi. Sikuuliza anarudi na nini."

"Na nini?" nikauliza.

"Na siku zangu." Akameza mate. "Yeye zake zimeisha. Akikaa jioni moja, anakaa kwa zako wewe uliyemkaribisha. Atabisha hodi. Usipojibu, atabisha ya pili. Ya tatu ikipita kimya, ataondoka, kama mgeni yeyote mwenye adabu. Lakini nani anaweza kumnyamazia mume wake mara tatu?"

"Mbona nimesikia mimi? Mume wako ndiye..."

"Mlango haumjui mume wa nani." Akanitazama kwa huruma. "Aliyemo ndani, wa kwake aliyefia njiani ndiye anayekuja. Nilimwambia Haraka awauzie watu wasio na marehemu." Akacheka, kicheko kama karatasi inayochanwa. "Nyumba gani hiyo isiyo na marehemu?"

"Si uchimbe ukitoe hicho kitu!"

"Nimechimba, mwanangu. Nimechimba mpaka kucha zimeng'oka. Hakuna kitu."

Nikamshika mama mkono. "Twende."

Mama hakusogea.

Alikuwa ameinua uso, ananusa. Polepole. Kama mtu anayesikiliza wimbo wa zamani kutoka nyumba ya jirani. Akaenda kwenye kiti. Akapitisha kidole, akasugua ule unga, akaunusa.

"Alikohoa?" akaniuliza.

Sikujibu.

"Alikohoa mara mbili. Sivyo?"

Kimya changu ndicho kilichonunua ile nyumba.

Nilipigana, Mungu anajua. Wiki nzima sikula naye. Nilimletea nyumba nyingine, hata ile yenye chura nikaisifia.

"Mama, nyumba ziko nyingi."

"Zipo."

"Mama, umemwona Mama Pasi. Utakufa."

Alikuwa anakunja nguo. Hakuacha kukunja. "Mwanangu, mimi nazeeka kila siku. Nazeeka kwenye foleni, nazeeka gizani, nazeeka kwa mashuka ya watu. Nazeeka bure. Sasa acha nizeeke kwa sababu."

"Na mimi je?"

Hapo akaacha kukunja. 

"Wewe ukitaka kaa kwa shangazi yako. Sitakulaumu."

Nani anamwacha mama yake peke yake kwenye nyumba kama ile? Nikahamia naye.

Mama Pasi aliondoka siku tuliyoingia. Alibeba kifurushi kimoja. Hakugeuka nyuma.

Maisha yakawa hivi. King'ora kinalia. Mama anafika, jua lipo. Anaoga, harufu ya klorini inamtoka. Anajipaka mafuta, anachana nywele, anakaa anatazama ukuta wake wa rangi ya maziwa ukigeuka dhahabu, halafu ukigeuka majivu. Uso wake ulikuwa umetulia kwa namna ambayo sijawahi kuiona. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alikuwa na raha.

Mimi alikuwa amenipa amri moja. "Akija, wewe umelala. Usiitikie. Usikohoe. Usigeuke."

Nikawa naingia kitandani jua halijazama, binti mzima na kazi yangu, najifunika shuka mpaka shingoni.

Tik... tik... tik...

"Hodi."

"Karibu, mume wangu."

Na kiti kinalia. Na baridi inapita chini ya mlango wangu. Na sauti yake, ya chini, ya mtu aliyechoka:

"Mtoto?"

"Amelala."

Siku ya kwanza niliposikia neno hilo nililia mpaka mto ukalowa. Kwa sababu ndivyo nilivyomjua baba yangu. Alipokuwa hai alitoka mimi nimelala, akarudi mimi nimelala. Sura yake naijua kwa picha tu. Baba yangu mimi ni harufu ya vanishi usingizini. Ni uzito kidogo ukingoni mwa kitanda. Ni mkono unaovuta shuka kufunika miguu.

Na sasa hatua zikaja. Moja nzito, moja nyepesi. Mlango wangu ukafunguka. Nikafumba macho, nikavuta pumzi ndefu, za uongo, za mtoto aliyelala.

Akasimama pale.

Akasimama sana.

Shuka likavutwa taratibu, likafunika miguu yangu. Vidole vya miguu vikafa ganzi.

Nilitaka kumwambia kitu kimoja tu. Baba, natengeneza simu. Hata zile zilizoingia maji. Watu wanatoka mbali kunifuata. Basi, hilo tu. Neno likafika kwenye meno.

Nikalala.

Mama akaisha mbele ya macho yangu. Nywele kwanza. Halafu mgongo. Halafu meno, moja asubuhi hii, lingine wiki ijayo. Dobini wakamtoa kwenye mashine, wakamweka kwenye kukunja. Wenzake wakanivuta pembeni: mama yako anaumwa nini? Nikasema presha. Ningesema nini?

Jioni moja nikaamua liwalo na liwe. Gurudumu liliposikika sikwenda kulala. Nilitoka, nikamkumbatia mama kwa nyuma pale kitini, nikamziba mdomo kwa kiganja.

"Hodi."

Akajitikisa. Alikuwa mwepesi, Mungu wangu, mwepesi kama shuka lililokauka.

"Hodi..."

Ya pili ilikuwa ya mtu anayeshangaa. Mama akaanza kulia kwenye kiganja changu. Nikakaza. Nikamnong'oneza, "Moja tu, mama. Imebaki moja tu. Vumilia, imebaki moja..."

Akaniuma.

Siyo kuuma kwa kunitisha. Aliniuma kama mnyama, kwa meno yaliyobaki, mpaka nikasikia kitu kikichanika. Mkono ukatoka wenyewe.

"Karibu, mume wangu!"

Alisema hivyo na damu yangu ikimtiririka kidevuni.

Baadaye, baridi ilipoondoka, alichemsha maji akaniosha jeraha.  "Nisamehe, mwanangu. Nisamehe, nisamehe." Akafunga kitambaa vizuri, kama alivyokuwa akinifunga magoti nikiwa mtoto. Akabusu fundo. Halafu akasema, kwa upole ule ule:

"Lakini usirudie."

Sikurudia.

Mama alifia njiani.

Siyo njia ile ndefu ya zamani, ya kuvuka mji mzima. Njia hii fupi. Kutoka geti la dobi mpaka kwetu ni ukuta mmoja wa hospitali na kona moja tu. King'ora kililia, nikaweka chai jikoni. Chai ikachemka. Ikapoa. Jua likazama. Wakaja kuniita.

Walimkuta ameketi chini, ameegemea ule ukuta, ndala zimepangwa kando yake. Kama mtu aliyesema, ngoja nipumzike kidogo, nipo karibu kufika. Daktari alisoma kitambulisho chake, akatazama mwaka wa kuzaliwa, akatazama uso. Akasoma tena. Mwisho akaandika uzee.

Siku hiyo na siku za matanga nyumba ilijaa watu. Mashangazi, wenzake wa dobini, majirani. Makelele, vilio, sufuria, hodi na karibu mchana kutwa, na jioni hakuna aliyesikia kitu. Siku ya mwisho shangazi akanisihi niende naye. Nikamwambia kesho.

Sijui kwa nini nilisema kesho.

Jioni hiyo nikabaki peke yangu. Ukuta ukageuka dhahabu. King'ora kikalia.

Tik... tik... tik...

Baiskeli inasukumwa, haiendeshwi. Na pembeni yake, kwa mwendo wa polepole, wa kuburuza...

Ndala.

Cha... pa. Cha... pa.

Usukani ukakwaruza plasta. Kikohozi, mara mbili. Harufu ya vanishi ikaingia chini ya mlango. Na nyuma yake, laini kabisa, harufu ya klorini.

"Hodi."

Sauti ya mama. Siyo ile ya mwisho, ya kizee. Sauti yake yenyewe. Ile iliyocheka siku ya chura.

Nilikuwa nimesimama katikati ya sebule. Mdomo wangu ulishafunguka. "Ka" ilikuwa tayari ulimini. Nikapeleka mkono, ule wenye kovu, nikajiziba mwenyewe. Nikauma pale pale alipouma yeye.

"Hodi..." Ya baba hiyo.

Nikapiga magoti. Machozi yanashuka, makamasi yanashuka. Imebaki moja. Nilijua hodi ya tatu siiwezi. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Mama alishindwa kwa mume tu. Mimi wako wawili nje, na sina mtu mwingine duniani.

Ya tatu haikuja.

"Mbona kimya?" Baba akauliza. "Mtoto si yupo?"



Nilisikia kiganja cha mama kikigusa mlango. Kikatulia juu ya mbao, upande wa pili, usawa wa kichwa changu. Nikaegemeza paji la uso pale pale. Mbao ikawa baridi kama bomba la maji alfajiri.

Alijua niko hapo. Mama anajua.

"Hayupo," akasema.

"Taa inawaka."

"Watu wengine hao. Siyo hapa, mume wangu. Tumekosea nyumba."

"Nimechoka."

"Najua. Mbele kidogo tu. Twende."

Kiganja kikaondoka mlangoni. Ndala zikaburuzika. Gurudumu likazunguka, tik, tik, tik, likapita geti, likapita kwa jirani, likapita kona. Mimi nikabaki chini nikiita mama, mama, mama, lakini ndani ya mkono, ili asisikie.

Hawajarudi tena.

Shangazi ananiambia niuze. Haraka naye anapiga simu kila wiki, nyumba za nyuma ya hospitali zinagombewa kama karanga. Siuzi. Nitamuuzia nani? Nani huyo asiye na wake aliyefia njiani? Nimeliacha bati linashika kutu. Jua likianza kushuka nafunga, natoka, narudi ukuta ukishaingia giza.

Wiki iliyopita nilikuwa natoka hivyo. Dada mmoja nesi, wa nyumba ya pili kutoka kona, aliyehamia juzi na mumewe ili awe karibu na kazi, akanisimamisha. Mcheshi, mtoto mgongoni.

"Dada samahani, wewe mwenyeji. Kuna wazee wawili hupita jioni jioni, mama na baba, wana baiskeli. Wanabisha kila nyumba. Ni wa mtaa huu?"

Nikakauka.

"Uliwafungulia?"

"Nilikuwa naogesha mtoto, nikasema karibu kutoka ndani. Hawakuingia hata. Nilisikia tu yule mama anasema hapana, siyo hapa, twende." Akapandisha mtoto mgongoni, akarekebisha kilemba. "Nimewahurumia. Inaonekana wamezunguka sana. Unawajua?"

Nikatazama nywele zake zilizochungulia chini ya kilemba. Nyeusi tii. Nikashukuru kimoyomoyo. Nikamwambia akisikia baiskeli jioni asiitikie, hata iwe sauti ya nani, anyamaze mpaka wapite. Akaniangalia kama mwendawazimu.

"Lakini unawajua?" akauliza tena.

Jua lilikuwa limefika kwenye matangi. Mwisho wa mtaa kitu kilikuwa kinalia taratibu, tik, tik.

Nikasema siwajui.

Nikatembea haraka kwenda upande mwingine, nikiwa nimejiziba mdomo, na nyuma yangu mlango wa mtu ukagongwa. Hodi. Hakuna aliyejibu. Wakasogea mlango unaofuata.

Bado wanatafuta nyumba.